Mume Wangu Alimeza Siri Yake

Mpenzi msomaji, kabla hujafungua ukurasa unaofuata kutafuta mitindo ya nywele, hebu nikuulize swali dogo. Una uhakika unayajua meno yote ya mwenzi wako?

Usicheke. Mimi nilikuwa nacheka hivyo hivyo. Nina digrii ya mawasiliano, na kazi yangu ya kila siku ni kuhariri kurasa za mapenzi na ndoa. Nimeshawaambia wasomaji mara ngapi sijui kwamba mawasiliano ndiyo nguzo ya ndoa! Kumbe nyumbani kwangu kulikuwa na mlango wa bafu unaofungwa kwa komeo kila usiku, na mimi nilikuwa sijui nyuma yake kuna nini.

Tuanzie kwenye huo mlango. Tangu tuoane, mume wangu alikuwa na tabia ya kujifungia bafuni robo saa nzima kabla ya kulala. Maji yanafunguliwa, yanafungwa, kimya, yanafunguliwa tena. Mwanzoni nilisema ni mtu wa usafi. Mwezi wa tatu nikaanza kujiuliza kwa nini hawezi kupiga mswaki mlango ukiwa wazi. Mwezi wa sita nikapata jibu langu mwenyewe: kuna mwanamke. Anaingia na simu humo, anachati. Nikaanza kuikagua simu yake akiwa amelala. Sikukuta kitu, na kutokukuta kitu kukanipa hasira zaidi, maana nilijua anafuta.

Kulikuwa na dalili nyingine, ila si unajua tena, mtu akishaamua anachotafuta, haoni kingine. Hakuwahi kung'ata hindi la kuchoma. Alipukuchua punje kwa vidole, nikadhani ni ustaarabu. Muwa hagusi. Akicheka sana, mkono mdomoni. Nilimpendea hilo, nikaona ni aibu ya mtoto wa kijijini aliyelelewa vizuri. Basi bwana.

TITYE, MKESHA WA KRISMASI

Desemba 2022, ndoa yetu ikiwa na miezi 14, alinipeleka kwao kwa mara ya kwanza baada ya harusi. Kwao ni Titye, kata mojawapo ya wilaya ya Kasulu, huko juu kwenye milima ya Buha mkoani Kigoma. Kama umezoea joto la Dar es Salaam kama mimi, beba sweta. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara nyekundu inateleza, migomba inameta, na kila tuliyepishana naye alitusalimia "Mwakeye!" nami nikajibu kwa Kiswahili changu cha pwani huku nikiinama mpaka kiuno kinauma. Bibi harusi bado alikuwa kwenye usaili.

Jioni mama mkwe akatuandalia ugali wa muhogo na migebuka iliyoungwa kwa mawese. Mpenzi msomaji, kama hujala mgebuka wa Ziwa Tanganyika kwenye mawese, una deni na tumbo lako. Tulikaa kwenye mkeka, taa moja katikati, hadithi zinapamba moto. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, alikuwa anasimulia kisa cha mume wangu kuanguka mtini akiiba maembe. Wote tukaangua kicheko, mume wangu naye, tonge likiwa mdomoni.

Kisha yeye peke yake akanyamaza.

Alishika koo. Macho yakamtoka. Akakohoa mara mbili, akameza mate kwa shida, akaweka kiganja mdomoni na hakukitoa tena. "Mwiba," alisema kwa sauti ya chini. Basi kila mtu akawa daktari. Mama akamfinyangia tonge kubwa, akamwambia ameze bila kutafuna. Akameza, akajikunja kwa maumivu. Ikaja ndizi mbivu. Ikaja maji. Shemeji akampiga mgongoni. Mama mkwe akamsogelea na taa, akamtazama usoni, akamuuliza jambo kwa Kiha. Mume wangu akatikisa kichwa, akajibu maneno mawili matatu. Mimi Kiha sijui. Ningekijua usiku ule, tungeokoa siku 2.

Usiku alilala amekaa, ameegemea ukuta, amenipa mgongo. Nilimwambia, "Mpenzi, fungua mdomo nikumulike na simu." Akakataa. Nikasema moyoni, haya, hata mdomo sasa una siri.

"UMEMEZA NINI?"

Siku ya Krismasi tukaenda hospitali. Daktari akamuuliza swali ambalo nimelikumbuka kila siku tangu hapo: "Umemeza nini?" Mume wangu akajibu bila kunitazama: "Mwiba wa samaki."

Daktari akammulika koo, hakuona kitu. Akaeleza kwamba mara nyingi mwiba hushuka wenyewe ukaacha mkwaruzo, na mkwaruzo huo humfanya mtu ahisi bado upo. Ni kweli kabisa. Kwa mwiba. Tukapewa dawa ya maumivu, tukaambiwa hali ikibadilika turudi.

Ilibadilika. Kufika asubuhi ya tarehe 26 hakuweza kumeza hata mate yake. Alikuwa anatema kwenye kopo la maziwa ya unga, maumivu yamehamia kifuani, uso wa moto. Tukarudi mbio. Safari hii akapigwa picha ya eksirei ya shingo na kifua.

Mpiga picha alitoka na ile filamu akiwa ameikunja uso. Akaiweka kwenye mwanga. Pale juu ya kifua, katikati, palikuwa na vitu viwili vyeupe vyembamba vilivyopinda kama ndoana. Mwiba wa samaki gani huo?

"Huu ni waya," daktari akasema. "Kaka, una meno ya bandia?"

Mume wangu hakumtazama daktari. Alinitazama mimi. Kisha, taratibu, akaondoa kile kiganja alichokiweka mdomoni tangu mkesha wa Krismasi. Mbele, juu, upande wa kushoto, palikuwa na pengo.

Sikujua nicheke au nilie. Miezi 14! Nimelala na huyu mtu, nimembusu, nimegombana naye, nimekagua simu yake kama askari wa mpakani, na adui yangu wa bafuni alikuwa jino moja la plastiki.

Lile jino alilivunja akicheza mpira shuleni. Miaka mingi alitembea na pengo, watoto wenzake wakimtania, mpaka alipopata kazi akatengenezewa la bandia la kuvaa na kuvua: jino moja kwenye kibamba cha plastiki chenye rangi ya fizi, likishikiliwa na vikulabu viwili vya waya kwenye meno ya jirani. Kila usiku alilivua bafuni, akalisugua, akalirudisha, akaja kulala nalo mdomoni ili nisije nikamwona asubuhi. Kulabu moja ilikuwa imelegea miezi kadhaa. Hakwenda kulikaza, maana angebaki na pengo siku kadhaa, na mimi ningeona.

Na lile swali la mama mkwe kwa Kiha? Alimuuliza jino lake liko wapi. Akamjibu ameliacha kwenye begi. Mama akaamini, kwa sababu alidhani mkewe anajua.

BARABARA YA MWANZA

Daktari alitueleza vizuri, na ninalirudia hapa kwa sababu wengi hatulijui. Plastiki ya jino la bandia mara nyingi haionekani kwenye eksirei. Kinachoonekana ni waya tu, na kama jino halina waya, picha inaweza kuwa safi kabisa huku kitu kimekaa palepale. Ndiyo maana swali la "umemeza nini" lina uzito kuliko mashine. Tena kile kibamba kina kingo, na kulabu ni ndoana hasa: zikiendelea kukaa zinaweza kutoboa ukuta wa njia ya chakula, uchafu ukaingia kifuani. Hapo mtu anaweza kupoteza maisha. Na yale matonge ya ugali tuliyomlisha? Yalikuwa yanakigongomelea ndani kama nyundo.

Tukaambiwa tumkimbize kwa daktari bingwa wa masikio, pua na koo. Shemeji akakodi gari, tukaondoka Kasulu jioni kuelekea Mwanza. Makere, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi. Kipande kikubwa cha njia ile kilikuwa bado kinajengwa, mvua imegeuza udongo kuwa uji, na kila gari liliporuka shimo mume wangu alishika kifua na mimi nilishika mkono wake. Hakuweza kuongea sana. Alikuwa anatema kwenye kopo na kuniandikia kwenye simu. Ndiyo, simu ileile.

Aliandika: "Nilitaka kukuambia kabla ya harusi. Nikaogopa. Halafu kila siku iliyopita ikawa ngumu zaidi ya jana yake."

Nilisoma, nikakaa kimya kipande chote cha Kibondo mpaka Kakonko. Ningeweza kumjibu kwa ile lugha ya magazeti yetu, kwamba ndoa ni uwazi. Lakini mimi nilikuwa na langu. Kwa miezi 8 nilikuwa naamka usiku kufungua simu yake. Nilimwambia rafiki yangu wa karibu kwamba mume wangu ana mwanamke nje, naye akanishauri nianze kuweka akiba pembeni, nikaanza. Nilikuwa na akaunti asiyoijua. Nani hapo alikuwa amemficha mwenzake zaidi, mwenye jino au mwenye akaunti?

Nikachukua simu yake, nikaandika yote. Nikamrudishia. Alisoma kwa muda mrefu, mwanga wa simu usoni. Kisha akaandika neno moja: "Bafuni?" Nikaitikia kwa kichwa. Akaanza kucheka, akajikunja kwa maumivu, machozi yakamtoka. Shemeji akageuka kwa hofu akidhani mgonjwa amezidiwa.

Alfajiri tulikuwa Busisi tukisubiri kivuko. Siku hizi ukipita pale unavuka juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 hivi, lililofunguliwa Juni 2025. Sisi tulisubiri pantoni, tunahesabu magari yaliyo mbele yetu, huku mtu amebeba ndoana mbili kifuani. Sijawahi kuona ziwa pana kiasi kile.

Mwanza walimlaza usingizi, wakaingiza bomba refu lenye taa kupitia mdomoni, wakalikamata lile jino na kulitoa pole pole, kulabu zisichane njia. Ilichukua kama saa 1 ambayo kwangu ilikuwa mwaka. Akakaa wodini siku 4, mpaka walipohakikisha hakuna tundu, ndipo akapewa maji. Daktari alinikabidhi jino kwenye kichupa. Dogo hivi! Lingetosha kwenye kijiko cha chai.

HATUKO PEKE YETU

Baada ya hapo nilianza kusoma, ndiyo ugonjwa wa wahariri. Tulio wengi tunadhani kumeza vitu ni mambo ya watoto, na kweli watoto ndio wengi. Utafiti wa madaktari wa Hospitali ya Bugando, Mwanza, uliochapishwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wao kitu kilichoongoza kukwama kwenye njia ya hewa ni karanga, na kwenye njia ya chakula ni sarafu. Sisi wakubwa tunayo yetu: miiba ya samaki, mapande ya nyama, meno ya bandia, vijiti vya kuchokolea meno. Fundi seremala ana misumari mdomoni. Dada anafunga ushungi na pini katikati ya meno. Kaka anafungua soda kwa meno kuonyesha umahiri.

Wala cheo hakisaidii. Mwaka 1982 mama yake Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza alipelekwa hospitali kutolewa mwiba wa samaki uliomkwama kooni. Mwandishi wa Marekani Sherwood Anderson alikufa Panama mwaka 1941 baada ya kijiti cha meno alichokimeza kumtoboa utumbo. Na kule Philadelphia kuna makumbusho ya Mütter yenye makabati ya vitu 2,374 vilivyotolewa kwenye koo na vifua vya watu na daktari mmoja, Chevalier Jackson, aliyezaliwa mwaka 1865: pini, vifungo, mifupa, sarafu. Kila kimoja kilikuwa mdomoni mwa mtu aliyedhani hakitaingia.

Habari njema ni kwamba vitu vingi vikishapita koo, karibu 8 hadi 9 kwa kila 10, hutoka vyenyewe kwa njia ya kawaida. Tatizo ni hivyo vinavyokwama, na vile vyenye ncha. Kwa hiyo shika haya:

Kwanza, tofautisha kukabwa na kukwamwa. Mtu asiyeweza kupumua, kuongea wala kukohoa, njia yake ya hewa imeziba. Huyo hasubiri gari. Mwinamishe mbele, mpige makofi 5 kati ya mabega. Isipotoka, simama nyuma yake, zungusha mikono, weka ngumi juu ya kitovu, vuta ndani na juu mara 5, rudia. Aliye na kitu kwenye njia ya chakula anapumua na kuongea. Huyo ni wa kupelekwa hospitali.

Pili, acha matonge, ndizi na kumtapisha. Kitu chenye ncha hakisukumwi, na kinachorudi juu kinachana mara ya pili.

Tatu, angalia saa. Mtu asiyeweza kumeza mate, au aliyemeza kitu chenye ncha au betri ndogo ya saa kikakwama kifuani, wataalamu wanataka kitolewe ndani ya saa 2, isizidi 6. Sisi tulitumia zaidi ya siku 2, na tulipona kwa huruma ya Mungu. Homa, maumivu makali ya kifua au tumbo, shingo kuvimba, kutapika damu au choo cheusi kama lami, usisubiri asubuhi.

Nne, ukivaa jino la bandia la kuvua, livue ukilala. Likilegea, nenda likakazwe, usilibandike kwa gundi nyumbani. Likipotea baada ya kula au kulala, usiseme tu "litaonekana". Tafuta, na lisipopatikana, nenda ukapigwe picha na useme ukweli.

Tano ndiyo hiyo: sema ukweli. Mwambie daktari ulichomeza hata kama mkeo amesimama pembeni. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na wakaongeza mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi nusura kitukute njiani, kati ya Kibondo na Nyakanazi.

MLANGO UKO WAZI

Mume wangu ana jino jipya sasa, la kudumu, limeunganishwa na meno ya jirani, halivuliwi. Tulilipia kwa ile akaunti yangu ya siri. Kulikuwa na salio la kutosha, na sikujua nililiweka kwa ajili ya nini mpaka siku ile.

Kati ya kutolewa la zamani na kuwekwa jipya ilipita miezi 2. Miezi 2 hiyo alikuwa na pengo, nyumbani, mbele yangu, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza alikuwa anaongea amegeuka ukutani. Wiki ya pili akasahau. Jioni moja nilirudi kazini nimebeba mahindi ya kuchoma, nikamkuta kibarazani. Alichukua moja, akalitazama, akaling'ata kwa upande wenye meno, punje zimemjaa mashavuni, anacheka mdomo wazi. Nikamwambia, "Mwenzangu, kumbe una kicheko kizuri hivi?" Akanijibu, "Kilikuwa bafuni."

Mama mkwe alipopiga simu kujua hali, niliomba niongee naye mwenyewe. "Shikamoo mama. Ule usiku ulimuuliza nini mwanao?" Akanieleza. Kisha akasema, "Mkwe wangu, mimi nilijua unajua." Tukanyamaza wote wawili. Tangu siku hiyo ananifundisha Kiha kwa simu, maneno mawili matatu kila Jumapili. Neno la kwanza nililoomba anifundishe ni jino.

Wewe unayesoma hapa, huenda mwenzi wako meno yake yote ni yake mwenyewe. Ana deni labda, au mtoto aliyemwacha kijijini, au kidonge anachokimeza kila saa mbili usiku ukiwa jikoni. Na wewe una lako, usijifanye. Leo usiku, kabla ya kuzima taa, anza wewe. Si lazima useme yote. Mimi nilianza na neno moja, bafuni.